Nalongo aliingia kwenye gemu amelala chali

Mara ya kwanza nilipomtoa Nalongo, mhusika wangu, kwenye Blender (programu ya kuchonga maumbo ya 3D) na kumpeleka kwenye gemu, alitokea amelala chali, mrefu kuliko jengo lililo nyuma yake, mgongo wazi unaona hadi ndani kama kibuyu kilichopasuliwa. Dakika tano kabla ya hapo alikuwa mzima: mama wa makamo, gomesi (gauni refu la kina mama wa Uganda) ya kijani yenye mabega yaliyochongoka, mshipi umefungwa chini ya kiuno, mwiko mkononi. Gemu yenyewe ni ndogo. Anauza roleksi Wandegeya, mtaa wa Kampala, usiku (kwa msomaji wa mbali: siyo saa, ni chapati iliyoviringishwa na mayai ndani), na wateja wanazidi kumiminika kadiri kikaango kinavyopata moto.

Usiku ule nilihangaika na mipangilio ya Unity, injini inayoendesha gemu, hadi adhana ya alfajiri. Kosa halikuwa huko hata moja. Matatizo ya mhusika wa 3D yana tabia ya paa bovu: maji yanadondoka sebuleni, bati lililotoboka liko juu ya chumba cha kulala. Kwa hiyo hapa chini naanza na kile unachokiona kwenye skrini, kisha narudi nyuma hadi kwenye tundu. Mimi natumia Blender na Unity. Wa Godot na Unreal, injini nyingine za gemu, nitawataja pale mambo yanapotofautiana.

Amekuwa jitu, au sisimizi, au amelala

Blender huhesabu kizio 1 kuwa mita 1. Unity na Godot vivyo hivyo. Unreal inahesabu sentimita, basi mtu wa mita 1.6 huko ni 160. Mhusika akitoka na ukubwa wa ajabu, rudi Blender, mbofye, bonyeza N, usome namba za ukubwa pembeni. Zikiwa chochote kisicho 1, umempata mwizi: ulimvuta akue au ukambana apungue, na programu imekumbuka ule mvuto badala ya kuufanya umbo lake halisi. Bonyeza Ctrl+A, thibitisha ukubwa na mzunguko, namba zote zirudi 1 na 0.

Fanya hivyo kabla hujamtia mifupa (vijiti visivyoonekana vinavyousogeza mwili). Mimi nilikumbuka baadaye, nikathibitisha mwili peke yake, mifupa ikabaki na ukubwa wa zamani. Matokeo yake viganja vilitua magotini. Kama umeshachelewa, chagua mwili na mifupa uvithibitishe pamoja, halafu ukague animesheni moja moja, kwa sababu zile zinazosogeza mfupa kutoka mahali pake (kiuno hasa) zitabaki na vipimo vya zamani.

Bado Unity ikikuonyesha ukubwa wa 100 kwenye faili ya FBX (ile inayombeba mhusika toka Blender hadi kwenye injini), tatizo liko kwenye dirisha la kutolea faili. Kuna orodha ya namna ya kuandika ukubwa, na chaguo la kwanza ndilo linalokuja lenyewe. Weka la mwisho, FBX All.

Kulala chali ni habari nyingine. Kwa Blender, juu ni mhimili wa Z. Kwa Unity na Godot, juu ni Y. Mfasiri wa FBX humgeuza mhusika nyuzi 90 ili asimame, na ule mgeuzo unabaki umeandikwa kwake. Ukiandika skripti inayoweka mzunguko kuwa sifuri, unamlaza tena mwenyewe. Ndivyo nilivyofanya. Kuna watu watakushauri uwashe kisanduku cha majaribio cha kuthibitisha mihimili wakati wa kutoa faili. Kwa meza na viti kinafaa, ila kwa mhusika mwenye mifupa kimenivunjia animesheni mara mbili, sikigusi tena. Dawa yangu ni ya kivivu na haijawahi kuniangusha: tengeneza kitu kitupu ndani ya Unity, mweke mhusika chini yake, skripti iamrishe kile kitupu. Mwenye Godot atumie glTF, aina nyingine ya faili, hata hakutani na jambo hili.

Ana matundu mgongoni, au sketi inatoweka ukiitazama kwa chini

Haya mawili yanafanana kwa macho, lakini chanzo ni tofauti.

Meshi ni wavu wa nyuso ndogo unaounda mwili, na kila uso una upande wa mbele na wa nyuma. Blender, usipoiambia vingine, inakuonyesha pande zote mbili, kwa hiyo huoni kitu. Injini ya gemu haichori upande wa nyuma, kwa kuwa ni kazi ya bure. Mgongo wa Nalongo ulikuwa umegeuzwa ndani nje. Washa mwonekano wa mwelekeo wa nyuso: bluu ni nje, nyekundu ni ndani. Ukiona baka jekundu mwilini, ingia kwenye kuhariri, chagua vyote, bonyeza Shift+N. Kwa kawaida baka hilo huzaliwa pale unapotengeneza mkono wa kushoto kwa kugeuza wa kulia na ukubwa wa -1, kisha ukathibitisha.

Sketi ya gomesi haiponi kwa Shift+N. Kitambaa hicho ni uso mmoja tu, hakina unene, na mwelekeo wake uko sawa. Kamera ikishuka, inautazama upande ambao hauchorwi. Unaweza kuiambia materiali (mipangilio ya jinsi uso unavyochorwa) ichore pande zote mbili, lakini simu italipa gharama hiyo kwa gauni zima ili mchezaji aone kipande cha pindo. Mimi nilikunja pindo kwa ndani, sentimita kama 15, kama fundi cherehani anavyofanya. Inatosha.

Mabega yanaporomoka anapoinua mkono

Hapa ndipo nilipomaliza wiki tatu.

Gomesi bila mabega yake si gomesi. Zile ncha mbili zilizosimama ndizo zinazomtambulisha mvaaji hata ukimwona kwa mbali gizani. Nalongo alipoinua mkono kugeuza chapati, ncha ya kulia ililala shingoni. Nilimwonyesha mama, ambaye anazo gomesi nyingi kuliko anavyotaka kukiri. Akatazama kidogo, akasema, "Mwanangu, huyu kanyeshewa na mvua?"

Anayetaka kutibu hili aache kupaka uzito (kiasi ambacho kila mfupa unaivuta nukta ya meshi) kwa brashi ovyo. Chagua nukta moja tu, ile ya nchani kabisa, usome namba zake pembeni. Yangu ilisema hivi: mkono wa juu 0.61, shingo 0.22, mtulinga 0.12, kichwa 0.05. Jumla ni 1, kama inavyotakiwa, lakini mgawanyo wenyewe ni kichekesho. Blender inapogawa uzito yenyewe huangalia mfupa upi uko karibu, haijui kushona. Ncha imesimama juu, karibu na shingo na kichwa, basi ikakabidhiwa kwao, na sehemu kubwa ikapewa mkono. Mkono ukipanda, ncha inafuata.

Ukiangalia gomesi halisi, ncha inakaa juu ya bega. Mkono ukiinuka inapanda kidogo na kuinama ndani kidogo, haiendi na mkono. Kwa hiyo niliondoa kichwa na shingo kabisa, nikaweka mtulinga 0.9 na mkono 0.1. Ilisaidia, haikuridhisha. Kilichoridhisha ni kuipa kila ncha kifupa chake kidogo kilichozaliwa na mtulinga, ili niweze kuisimamisha mwenyewe pale inapobidi. Vifupa viwili tu, na mama akanyamaza. Kwake huko ndiko kusifia.

Lakini ngoja. Kwenye Blender ilikuwa nzuri, kwenye Unity bega likanyauka tena kama kitambaa kilichokamuliwa. Hili limewapoteza wengi. Kwenye modifaya ya mifupa kuna kisanduku cha kuhifadhi ujazo. Ukikiwasha, viungo vinakunjwa kwa hesabu nyingine inayozuia kunyauka, na hesabu hiyo haisafiri ndani ya faili. Unity inakunja kwa njia yake ya kawaida. Kizime tangu siku ya kwanza, ili uharibifu utakaouona Blender uwe ndio ule ule wa kwenye gemu. Kisha ongeza mizunguko ya mistari kwenye kiungo: kiwiko na goti vinataka angalau mitatu, na bega linataka zaidi.

Halafu kuna simu. Kijana ninayefanya naye kazi alinipigia toka Arua: "Kaka, kwako kiwiko kinakunjika, kwangu kinavunjika." Faili ile ile! Unity kwa kawaida inaruhusu mifupa 4 kuvuta nukta moja, lakini ngazi za chini za ubora hupunguza hadi 2, au hata 1, na simu yake ilikuwa imepangiwa ngazi ya chini. Njia ni mbili: uiinue hesabu hiyo kwenye mipangilio ya ubora, au umtengeneze mhusika ambaye mifupa 2 inamtosha. Kwa simu za bei nafuu tunazobeba wengi wetu hapa, nilichagua ya pili kwa mwili na kubakiza 4 kwa mabega. Kumbuka kusawazisha jumla irudi 1 baada ya kupunguza, la sivyo nukta zilizopungukiwa zitabaki nyuma mhusika akitembea, zikivutika kama bigijii ya kutafuna.

Neno kuhusu mkao wa kuanzia. Mikono iliyonyooshwa kama msalaba inakunja mabega ya nguo kila anapoishusha, na muda mwingi mikono ya binadamu iko chini. Mtengeneze mikono ikiwa imeshuka nyuzi kama 45. Ukimwingiza kama mwanadamu, Unity itadai msalaba kwa ajili ya kutambua mifupa (inataka isiyopungua 15), lakini ina kitufe cha kumnyoosha yenyewe.

Ngozi imekuwa majivu, au plastiki

Nimeona wahusika weusi wengi, hata waliotengenezwa na watu weusi, wakifanana na sanamu iliyopakwa rangi ya viatu. Chanzo cha kwanza ni rangi yenyewe. Mtu anachukua ngozi nyeupe ya mafunzo, anaivuta kuelekea weusi, anaridhika. Kinachopatikana ni kijivu, kwa sababu alipunguza mwanga bila kuongeza wekundu na manjano yaliyo chini ya ngozi. Chagua rangi kutoka kwenye picha ya mtu halisi iliyopigwa kivulini wakati wa asubuhi. Jua la saa sita hapa kwetu kwenye ikweta linapiga utosini na kuacha macho ndani ya mashimo. Usichukue rangi saa hiyo. Usisahau viganja na nyayo, ambazo ni nyepesi zaidi, na mikunjo ya vidole, ambayo ni myeusi zaidi. Nalongo anaonyesha viganja kila akipokea pesa, basi kosa hilo lingeonekana mara mia kwa usiku mmoja.

Chanzo cha pili ni mng'ao, na kwangu ndicho kikubwa. Mwanga unaorudishwa moja kwa moja na uso wa ngozi ni karibu sawa kwa watu wote. Tofauti ni kwamba juu ya ngozi nyeusi ule mng'ao unaonekana zaidi, kwa kuwa kilicho chini yake ni cheusi. Maana yake umbo la uso wa Nalongo linasomeka kwenye ramani ya mng'ao kuliko kwenye ramani ya rangi (ramani hapa ni picha inayovishwa mwilini). Ukiweka namba moja ya ukwaru uso mzima, ikiwa ndogo unapata plastiki, ikiwa kubwa unapata majivu. Paji la uso na pua vinang'aa zaidi, mashavu kidogo, shingo kidogo sana. Yeye amesimama juu ya mkaa na mafuta ya moto chini ya balbu moja, kwa hiyo nilimwongezea unyevu juu ya mdomo wa juu. Hapo ndipo alipoanza kupumua.

Cha tatu ni cha kijinga: ramani za mng'ao na za nomali (hizi hulidanganya jicho lione mikunjo) zimesomwa kama picha za rangi. Kwenye Blender ziweke kuwa data isiyo rangi, kwenye Unity iambie kwamba ile ni ramani ya nomali. Na kama mikunjo ya kipaji imetuna nje badala ya kuzama, au kitovu kimechomoza kama kifungo, chaneli ya kijani ya ramani ya nomali imegeuka. Blender, Unity na Godot wanaisoma kwa mwelekeo mmoja, Unreal kwa mwelekeo wa kinyume. Igeuze hiyo moja tu.

Mshipi unameremeta akitembea

Nyuso mbili zimelaliana mahali pamoja na injini haijui ipi iko juu. Futa gauni lililofichwa chini ya mshipi. Halionekani, la nini? Ikishindikana, inua mshipi milimita chache. Na ukague kamera: kama mpaka wake wa karibu umewekwa 0.01, urudishe 0.3 au hapo karibu, usahihi wa kina utaongezeka.

Animesheni niliyotengeneza jana haipo

Ulitengeneza ya kutembea, ukaanza ya kugeuza chapati, ukahifadhi, ukafunga. Asubuhi ya kutembea haipo. Hukurogwa. Blender hufuta kitu chochote kisichotumiwa na yeyote wakati faili inapofungwa, na animesheni uliyoiacha ili uanze nyingine haina mtumiaji. Pembeni ya jina lake kuna alama ndogo ya ngao. Ibonyeze kwa kila animesheni unapoizaa tu, kabla hata ya kuipa fremu ya pili.

Ikiwa kilichopotea kimepotea kwa umeme kukatika, kuna pa kutafuta. Blender inajihifadhi kila baada ya dakika 2 kwenye folda ya muda, na menyu ya faili ina sehemu ya kurejesha. Pia, kando ya faili yako kuna nyingine yenye jina lile lile inayoishia na .blend1, hiyo ni hali ya kabla ya uhifadhi wa mwisho. Inakili kwenye folda nyingine ili isifute ile ya sasa, ondoa ile 1 ya mwisho, ifungue. Mimi nimeongeza idadi ya nakala hizo ziwe 5. Mvua za Aprili zimenifunza hilo.

Miguu inateleza, au goti linakunjika kinyumenyume

Goti kwanza: ulichora paja na muundi vikiwa mstari mmoja ulionyooka, kompyuta haikujua mbele ni wapi. Sogeza goti mbele kidogo, itajua.

Kuteleza ni hesabu ya duka. Hatua ya Nalongo ni mita 0.65, na mzunguko mmoja wa animesheni una hatua mbili, yaani mita 1.3. Mzunguko unachukua sekunde 1. Skripti yangu ilikuwa ikimsukuma mita 2 kwa sekunde, basi kila sekunde sentimita 70 zilikuwa ni kuteleza juu ya lami. Nikashusha mwendo hadi 1.3. Mama anayebeba debe la unga hana haraka ya mita 2.

Anatoweka akiwa bado kwenye skrini

Injini humchora tu yule ambaye boksi lake lisiloonekana liko ndani ya kamera. Boksi hilo lilipimwa akiwa amesimama wima. Akiinama au animesheni ikimpeleka mbali, mwili unaonekana lakini boksi limeshatoka nje. Lipanue kwa mkono kwenye kichoraji cha meshi yenye mifupa.

Simu inachemka

Fanya hesabu kabla ya kulaumu simu. Picha ya pikseli 4096 kwa 4096 ambayo haijabanwa inakula megabaiti 64 za kumbukumbu. Nilikuwa nazo tano, mojawapo ya chapati. Chapati! Ya 1024 inakula 4. Sasa Nalongo mzima, pamoja na gauni, mshipi na mwiko, anakaa kwenye picha moja ya 2048 iliyobanwa kwa ASTC, na materiali moja badala ya tano, ili injini imchore kwa amri moja. Chapati imebanwa kwenye kona ya picha hiyo, karibu na sikio.

Pembetatu nazo. Umbo nililolichonga lilikuwa na zaidi ya milioni 1. Anayeingia kwenye gemu ana 9,000, na mikunjo yote ya kitambaa imehamishiwa kwenye ramani ya nomali. Ukihamisha hivyo, acha nafasi ya pikseli kadhaa kuzunguka kila kisiwa cha UV (kipande cha mwili kilichotandazwa bapa kwenye picha). Bila nafasi hiyo, mstari mweupe utaonekana kwenye mishono pindi kamera inaporudi nyuma, na utadhani meshi imepasuka.

Kuhusu nywele sitasema mengi. Nilimsuka kwa vipande vya karatasi vyenye uwazi, vikagombana vyenyewe kwa vyenyewe ni kipi kiko mbele, simu ikalia. Nikamfunga kilemba.

Kinachonisumbua leo ni kidole gumba. Kila akiviringisha roleksi, kinatokeza katikati ya chapati kwa fremu mbili, ya 14 na ya 15. Mfupa wake umelala vibaya kwenye mhimili wake tangu nilipoutia, kwa hiyo itabidi nirudi kwenye mkao wa kuanzia, niulaze upya, kisha nirekebishe animesheni sita zinazotumia mkono huo wa kulia.